Siku Matete Yalipokatwa Ndani ya Mashini

Shefu Lucien alikuwa na filimbi ya refa, na akiipiga hata mbuzi walisimama wakisubiri kuambiwa faulo ni ya nani. Jumatano ile jioni aliipiga kwa nguvu ya mtu aliyekasirika baada ya kushiba, na watu wa avenyu yake pale Bunia wakatoka milangoni.

"Sikilizeni! Samedi ni salongo. Kila nyumba mutu moja na panga yake. Tunakata matete yote ya Potopoto. Yote! Sitaki kuona ata moja inatikisa kichwa."

Salongo ni kazi ya watu wote. Jumamosi asubuhi maduka hufungwa, kila nyumba hutoa mtu, na anayekosa huachiwa midomo ya majirani, ambayo ni mibaya kuliko faini. Hakuna aliyebisha, ila Katsuva, mfyatua matofali, ambaye hangeweza kulala siku aliyokosa kumchokoza shefu.

"Shefu, matete imekukosea nini? Ama ni ile siku ulianguka mule na koti ya misa?"

"Katsuva, weye fyatua matofali. Mambo ya maji achia batu benye kunywa maji."

"Mi pia ninakunywa maji, shefu. Wakati bia inakosekana."

Watu wakacheka, Lucien akacheka nao kidogo, halafu uso ukamrudia. Hakuwa na ugomvi wa bure na matete. Potopoto ni kinamasi kirefu, kimejilaza kati ya kilima na nyumba za bondeni. Kijito huingilia juu kikitoka kwenye mashamba na mashimo ya matofali, kinapotelea kwenye matete, kisha kinatokea chini, na pale chini, kisimani, ndipo watu huteka maji mabomba yanapokauka. Na mabomba yale hukauka kama vile ndiyo kazi yaliyoajiriwa.

Bondeni aliishi Vicky, binti yake wa kwanza, na mtoto wake Tina. Mwezi uliopita Tina aliharisha mpaka akatundikiwa maji hospitalini. Siku ya kutoka, Lucien alimpakata juu ya moto, pikipiki ya kukodi, njia nzima, na mapajani hakusikia uzito wowote, kama amebeba shati. Hapo ndipo alipoapa. Tangu utoto alijua kwamba maji yanayolala huoza. Matete huyalaza maji. Basi, adui amepatikana.

Kesho yake Ketsia akaja kumwona.

Ketsia alikuwa mtoto wa dada yake, mwanafunzi wa mazingira chuoni, msichana mrefu mwenye buti za mpira zilizoijua Potopoto kuliko vyura. Msimu mzima wa mvua alikuwa mle, akipima kina kwa fimbo, akifunga kamba, akijaza vichupa. Wengine walisema anatafuta dhahabu, wengine mume, na Katsuva akasema vyote viwili hupatikana kwenye matope.

"Mujomba, mbele ya kukata, njoo uone kitu."

"Kitu gani?"

"Potopoto."

"Potopoto minaiona kila siku. Ninainusa ata nikifunga macho."

"Hii ya kwangu haina harufu."

Walikuwa uani. Mke wake Adèle, ambaye wote walimwita Mama Vicky, alikuwa akimenya mihogo ya kwenda kuloweka. Ketsia akageuza beseni, akaweka kompyuta yake juu, na kwa sababu jua lilikuwa linakula kioo, akajifunika kitenge kichwani yeye na mjomba wake. Kwa mbali walionekana kama watu wawili wanaojifukiza homa.

Ndani ya giza lile dogo Lucien aliiona Potopoto kutoka juu, kama anavyoiona kunguru. Mparachichi wa kona ulikuwepo. Njia ya kisimani ilikuwepo. Na kinamasi chote kilikuwa kimekatwakatwa kwa vimraba vidogo, vingi kama punje za mtama.

"Kila kamraba iko na kina yake, na mutelemuko yake, na matete yake," Ketsia akasema. "Miye nilipima, mashini inahesabu maji itapita wapi, na uchafu itabakia wapi. Sasa, nitanyesha mvua."

Lucien akatoa kichwa nje ya kitenge akatazama juu. Mbingu nyeupe, hakuna hata wingu la kudanganyia. Akarudi ndani polepole, kwa aibu.

Mvua ilikuwa kwenye kioo. Maji ya kahawia yakashuka kilimani kwa fujo, yakafika kwenye matete, yakapunguza mwendo. Hayakusimama. Yaligawanyika, haya huku na haya kule, kama waumini waliochelewa misa ya Pasaka wakitafuta nafasi kwenye mabenchi. Na tope lilikaa. Kimraba kwa kimraba lilikaa, na maji yakaendelea bila hilo. Kahawia ikawa rangi ya chai, kisha chai ya maskini, ile ya majani yanayochemshwa mara ya tatu, na kule chini karibu na nyumba ikatoka rangi ambayo Lucien hakuwa na jina lake.

"Nani anavuta ile tope?" akanong'ona. Hakujua kwa nini ananong'ona.

"Hakuna mwenye kuivuta. Maji ikipunguza mbio, tope inachoka, inashuka. Na ku mizizi kuko tududu tudogo sana, hautuone na macho. Tule tududu tunakula uchafu."

"Tududu twa nani?"

"Twa Mungu, mujomba."

Lucien akasogeza uso karibu na kioo. Miaka yote amepita kando ya matete yale akiyatemea mate, na kumbe yalikuwa kazini.

"Sasa kata," Ketsia akasema.

"Nikate nini?"

"Salongo yako ya samedi. Finya hapa."

Akafinya kwa kidole kile kile cha filimbi. Matete yote yakatoweka. Ketsia akarudisha mvua ile ile, tone kwa tone, na safari hii maji hayakukuta mtu wa kuyasalimia njiani. Yalikimbia. Rangi ya kahawia ilishuka moja kwa moja, ikavuka kisima, ikafika kwenye mapaa, na kati ya mapaa Lucien akaona bache la buluu, turubai alilolifunga kwa mikono yake juu ya jiko la Vicky. Kahawia ikaligusa bache.

Akaondoa kidole kama aliyeshika sufuria ya moto.

"Rudisha! Ketsia, rudisha matete!"

"Lakini umeisha kukata, mujomba."

"Rudisha, minasema!"

Huko nje Adèle aliacha kisu. "Papa Vicky, unapigia mashini kelele? Mashini haiko mutu ya avenyu yako."

Ketsia akafinya, na matete yakarudi yote, yamesimama kama kwamba hakuna kilichotokea. Lucien akavuta pumzi ndefu. Alikuwa amekata Potopoto nzima na hakuna jani hata moja lililoanguka. Katika maisha yake alikuwa amekosea mambo mengi, kama watu wote, lakini hakuwahi kujua kwamba mtu anaweza kulitenda kosa, kulifuata mpaka mwisho wake, kuona limeangukia nyumba ya nani, kisha akarudi nyuma kabla hajalitenda. Jambo kama hilo alidhani ni la Mungu peke yake.

Ila shefu ni shefu. Alipotoka kwenye kitenge na jua kumpiga, akili yake ya mikutano ikamrudia.

"Ngoja. Mu mashini yako, leo, na matete yake yote, maji pale chini iko safi?"

"Safi kidogo. Haiko ya kunywa bila kuchemusha."

"Basi nenda pa Vicky uangalie. Iko kahawia na inanuka. Matete iko, na tope iko. Mashini yako inasema bongo, uongo mutupu."

Ketsia hakujitetea. Alikaa chini kando ya mihogo, akachukua ganda moja, akalivunjavunja.

"Ile njo inanisumbua mingi, mujomba. Niliona. Kuko kitu mule ndani sikijue."

Lucien alitegemea ushindi huu uwe mtamu, na haukuwa mtamu. Ikiwa mashini inadanganya kuhusu leo, basi na lile bache la buluu ni uongo. Na kama lile ni uongo, nani atamwambia Jumamosi mapanga yatafanya nini kwa maji ya Tina? Kabla ya kuona alikuwa na hakika yake, kubwa, ya kutosha avenyu nzima. Sasa hakika imekufa, na watu wameshaanza kunoa.

Ijumaa asubuhi wakaenda pamoja, juu kabisa, pale kijito kinapoingia. Ketsia akatoa chungwa kwenye mfuko.

"Unasikia njaa?" Lucien akauliza.

"Chungwa inazama nusu, upepo haiwezi kuisukuma. Inatembea paka na maji, maji peke yake." Akalichora msalaba kwa kalamu ya bic. "Mashini inasema itapotelea mu matete, itatokea kisha siye kula chakula ya midi, ile ya saa sita."

Akalitupa. Wakashuka kwa njia ya kando bila haraka, maana shefu hawezi kupita nyumba bila kuuliza habari za watu, mgonjwa na kuku. Walipofika chini, chungwa lilikuwa limeshafika. Lilizunguka taratibu kwenye kidimbwi cha kutokea, kama mgeni aliyefika kabla ya mwenye nyumba, msalaba wake juu.

"Ni ile yetu?"

"Ni ile yetu."

Wakarudi juu na chungwa jingine. Safari hii hawakupita kando. Ketsia akaingia majini, na Lucien akakunja suruali ya heshima mpaka magotini akamfuata, akipiga kelele kila kitu kilipomgusa mguu. Chungwa likasitasita, likageuka, likaingia chini ya majani marefu yaliyoinamiana kama paa la nyasi, na likaondoka mbio.

Ndani ya majani yale mlikuwa na mfereji, umenyooka kama rula, umefunikwa juu kiasi kwamba hata kunguru asingeuona. Kando zake, huku na huku, mashimo ya kuloweka mihogo: maji meupe, povu, ile harufu chachu inayochoma pua. Na pale, wamechutama, mamama wa avenyu wakitoa mihogo iliyolainika, Adèle kati yao, kanga kiunoni.

"Mama Vicky!" Ketsia akaita. "Nani alichimba hii mutaro?"

Wanawake wakatazamana. Mmoja akaanza kucheka, na kicheko kikawapita wote kama moto wa nyasi.

"Uliza mujomba wako," Adèle akasema. "Ile saison sèche, wakati ya jua, weye ukiwa ungali ku masomo, salongo. Alisimama palepale unaona, na filimbi: Maji ipite mbio! Maji ya kulala ni magonjwa! Banaume bakachimba mupaka mangaribi. Na siye tukasema merci shefu, maji ya kupita iko muzuri kwa mihogo."

Lucien akatazama juu kutafuta msaada, akakuta paa la nyasi.

Ilikuwa wazi hata kwa mtu asiyetaka kuona. Maji hayakuwa yakipita kwenye matete. Yalipita mbele ya mlango wa matete bila kubisha, yakashika mfereji, yakaokota supu ya mihogo njiani kama zawadi, na kwenda kuikabidhi yote kwa Vicky. Matete yalikuwa yamesimama kando, safi, karibu kukauka, hayana kazi.

Ketsia hakucheka. Macho yake yalikuwa yanang'aa kama ya mtu aliyeona ndugu aliyepotea. Alipanda ukingoni, akaketi juu ya gunia, akafungua kompyuta mapajani na matope yake yote.

"Mujomba, mashini haikusema bongo. Siye njo hatukuiambia."

Akachora mfereji, mstari mwembamba tu. Akanyesha mvua. Kahawia ikachomoka kwenye mstari ule kama mkuki, matete yakiiangalia ikipita, na kule chini ikatokea rangi moja: kahawia yenye ukungu mweupe. Lucien akatazama kioo, akatazama maji yaliyokuwa yanapita miguuni mwake, akatazama kioo tena. Ilikuwa rangi ile ile.

Mamama walikuwa wamejaa nyuma yao, wamenyoosha mikono iliyolowa mbali na mashini.

"Siye tuko wapi mule?" mmoja akauliza.

"Hapa." Ketsia akaonyesha kimraba. "Hapa njo munakaa."

"Eee Yezu," yule mama akasema, akajitengeneza kilemba, asije akaonekana vibaya kutoka juu.

Kisha Ketsia akaufuta mfereji, na maji yakarudi kutafuta nafasi kwenye mabenchi, na mamama wakayafuata kwa macho mpaka yakamaliza.

Jumamosi watu walikuja na mapanga yamenolewa vizuri, maana kukata ni kazi tamu kuliko kufagia. Lucien akapanda juu ya jiwe. Alijisikia kama mtu anayeungama mbele ya kanisa zima badala ya padri mmoja.

"Leo hatukate matete."

Katsuva akainua mkono kama mwanafunzi mzuri.

"Shefu, Jumatano ni yote, leo haiko ata moja. Kesho utatuambia tuipigie magoti?"

"Kama itaokoa mutoto wako, utaipigia. Sikia, Katsuva. Maji iko sawa weye. Ukipewa njia ya mbio, unapita na matope yako yote ku miguu, hausalimie mutu. Lazima bakusimamishe ku mulango, ukae, uongee, uache muzigo. Kisha kutoka, uko mutu muzuri kidogo."

Walicheka mpaka Katsuva mwenyewe akashika magoti. Kisha Lucien akasema lililomleta, bila utani: mfereji ni yeye aliyeuagiza, mfereji ndio unaopeleka uchafu bondeni, na leo watauziba.

Hapo vita halisi vikaanza, kwa sababu mapanga ni ya wanaume lakini mihogo ni ya wanawake.

"Na mihogo yetu?" Adèle akauliza, mikono kiunoni. "Tutailobeka mu kofia yako?"

"Mu mapipa, Mama Vicky. Kule pembeni, mu migomba. Ile maji ya mihogo itamwangika ku migomba."

"Na maji ya kujaza mapipa, inapanda kilima na miguu yake?"

Lucien akatazama wanaume. Wanaume wakatazama vidole vyao vya miguu.

"Banaume batabeba," akasema.

Vigelegele vilipanda mpaka juu kwenye mashimo ya matofali. Wanaume walinung'unika kama injini ya lori baridi, lakini neno lilikuwa limeshatoka kinywani mwa shefu mbele ya wake zao, na neno la namna hiyo halirudi. Katsuva akatoa udongo wake wa matofali, mzito, unaonata kama deni la ukoo. Wakajaza magunia, wakauziba mfereji sehemu baada ya sehemu, na juu ya kila kizibo wakapanda mizizi ya matete waliyoing'oa pembeni. Walipomaliza, kila mtu alikuwa rangi moja na Potopoto.

Mvua ilikuja Jumanne mchana, ile ya Bunia isiyobisha hodi. Watu walikimbilia ndani. Lucien alikimbilia nje.

Alimkuta Ketsia kwenye ukingo, amejifunika gunia la plastiki, na hawakusalimiana. Maji yalishuka kutoka kilimani yakiwa na hasira, karibu mekundu, yamebeba majani na kiatu kimoja cha mtoto. Yakafika kwenye mdomo wa mfereji. Yakagonga. Yakarudi nyuma, yakajikusanya, na kwa kitambo Lucien alifikiri yatavunja kila kitu.

Kisha yakageuka kushoto, kuelekea mparachichi.

Lucien akamshika Ketsia mkono. Alikuwa amekwisha kuona hili. Chini ya kitenge, siku ya jua kali, aliyaona maji yakianza na kona ya mparachichi, na sasa yalianza na kona ya mparachichi. Baadaye yataingia kwenye kishimo cha katikati, akawaza, na yakaingia. Halafu yatanyoosha ulimi mrefu kulia, na ukanyooka, kati ya mashina, bila sauti. Mvua ilikuwa bado inampiga usoni, hakuna aliyeifinya, na bado ilitii kila mraba. Sijui kama kuna jina la kumwita mtu anayetazama kitu kinachotokea kwa mara ya pili kabla hakijatokea mara ya kwanza. Lucien alivua kofia. Alikuwa hajui anamvulia nani: msichana aliyepima kwa fimbo, mashini, matete, au Yule aliyefundisha maji kuchoka. Aliwavulia wote.

"Ni mwisho ya dunia hii?" akauliza.

"Hapana, mujomba. Ni mutelemuko tu."

Walishuka pamoja na maji, kwa mwendo wa maji, na ule ulikuwa mwendo wa bibi harusi. Kule chini hakukutoka kitu kwa muda mrefu. Mvua ikakatika, jua likachungulia, ndipo uzi wa maji ukatoka kati ya mashina, rangi ya chai ya maskini. Si maji ya mbinguni, wala ya chupa. Lakini Vicky alipokuja na bidon lake, dumu la maji, Tina mgongoni, akateka kwenye beseni, alisimama akaangalia ndani kwa muda kabla ya kuita.

"Papa, njoo. Minaona mupaka ku chini ya beseni."

"Utachemusha," Ketsia akamwambia haraka. "Matete inapunguza uchafu, haiue kila kitu. Lazima ichemuke kabisa."

"Nitachemusha."

"Miye njo nitachemusha," Lucien akasema.

Na alichemsha. Alikaa kwenye kigoda chini ya bache la buluu, akapuliza makaa mpaka macho yakamtoka machozi, akakataza mtu yeyote kufunua sufuria. Ilipochemka, akaiacha ichemke zaidi. Kisha akasubiri ipoe, Tina amelala kifuani pake, na Vicky akipita mara kwa mara kuona kama baba yake ni mzima.

Tina alipoamka, Lucien akamimina kikombe, akakiinua kwenye mwanga, akakitazama kutoka pande zote. Mtoto akakishika kwa mikono miwili, akanywa bila kupumzika, akafuta mdomo kwa shati la babu yake.

"Ongeza," akasema.